Kuondoa Madoa kwenye Sakafu ya Marumaru: Tathmini ya Huduma Niliyoipata Bukavu

Katika baadhi ya nyumba za zamani za Nguba, Muhumba na Nyawera, zilizojengwa wakati mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ulipokuwa ukiitwa Costermansville, bado kuna sakafu za marumaru ambazo zimedumu kuliko mapaa na madirisha yaliyowekwa pamoja nazo. Kwa ninavyoona, adui mkubwa wa sakafu hizo leo ni mtu anayelipwa kuzisafisha bila kujua jiwe ni kitu gani. Ndiyo maana nimeamua kueleza kwa kirefu kazi ya fundi ambaye familia yetu ilimwita kusafisha sakafu ya nyumba ya wazazi, fundi anayefanya kazi na vijana wake wawili na ambaye hana duka wala kibao barabarani. Namsifu sana kwa madoa ya mafuta na ya chai, namsifu kiasi kwa sehemu zilizoungua kwa asidi, na kwa kutu nasema wazi kwamba hakufaulu. Mteja anafaa kuijua tofauti hiyo kabla ya kufungua mkoba.

Sakafu yenyewe ni ya karo za marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu, kuanzia sebuleni, kupitia chumba cha kulia, hadi kwenye ukumbi mfupi unaoelekea jikoni. Ukumbi huo ndio uliokuwa na hali mbaya zaidi, kwa sababu kabla ya fundi huyu kulikuwa na kundi jingine, ambalo tulielekezwa na muuzaji mmoja wa vifaa vya ujenzi, na kundi hilo lilikuja na dumu la asidi ile inayotumika kuondoa saruji iliyoganda kwenye karo mpya. Waliimwaga mbele ya mlango wa jiko, povu likapanda, nao wakatuambia kwa furaha kwamba uchafu ulikuwa unatoka. Kilichokuwa kinatoka ni jiwe lenyewe. Marumaru ni kalisi kaboneti, na inapokutana na asidi ya hidrokloriki huyeyuka, ikatoa gesi ya kaboni dioksidi, na povu hilo ndilo gesi hiyo. Doa la mafuta lilibaki palepale, ila sasa likiwa limezungukwa na eneo lenye mikwaruzo mithili ya msasa, lisilong'aa, ambalo lilianza kushika vumbi na tope kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyumba.

Siku fundi wetu alipokuja kwa mara ya kwanza hakuleta dawa yoyote, na jambo hilo lilinipa imani naye. Alisogeza kabati, akachagua pembe ambayo haionekani, akadondosha tone moja la maji ya ndimu, akainama kulitazama. Vipovu vidogo vilipoanza kujitokeza alilifuta papo hapo kwa torsho (kitambaa cha kupangusia) yenye maji. Jaribio hilo linatosha kulitenga jiwe la kalisi, yaani marumaru, travatini au mawe ya chokaa, na granite ambayo haitoi povu, na mtu yeyote anaweza kulifanya nyumbani iwapo atakumbuka kuchagua mahali palipofichika na kufuta haraka. Baadaye alidondosha maji matupu katika sehemu mbalimbali na kutazama ni wapi jiwe linaingia weusi upesi, kwa kuwa jiwe linalonywa maji haraka hunywa na mafuta haraka. Kisha akaanza kuuliza maswali, tena kwa subira ya daktari wa zamani.

"Mama, hapa palikuwa na meza au palikuwa na frigo?"

"Palikuwa na meza, papa fundi, na pale kwenye pembe palikuwa na kiti cha chuma cha kuwekea maua."

"Basi hili la pembeni ni kutu, nalo nitakwambia ukweli wake mwishoni. Hili la mlangoni ni mawese. Haya mengine ya duara siyo madoa."

Kauli hiyo ya mwisho inastahili kufafanuliwa, kwa sababu watu wengi hupoteza fedha kwa kutoijua. Doa ni kitu kigeni kilichoingia ndani ya vitundu vya jiwe na kulibadilisha rangi, na kwa kawaida huwa cheusi kuliko jiwe, chenye rangi yake. Alama za duara zilizokuwa chini ya viti vya chumba cha kulia zilikuwa hazina rangi. Ukizitazama kutoka juu huzioni, ukiinama ukazitazama dhidi ya mwanga wa dirisha unaziona kama sehemu zilizopoteza mng'ao. Hizo zilitokana na glasi za maji ya marakuja na za soda, ambazo zote zina asidi, na kila tone lililodondoka lilikula tabaka jembamba la uso uliong'arishwa. Hakuna sabuni inayoweza kuondoa alama ya namna hiyo, kwa sababu hakuna cha kuondoa. Kinachohitajika ni kuusaga uso upya. Fundi asiyeweza kukutenganishia mambo hayo mawili atakuuzia dawa ya doa mahali pasipo na doa.

Sasa nije kwenye mawese, ambayo ndiyo kazi aliyoifanya vizuri kuliko zote. Katika nyumba ambayo sombe (majani ya muhogo) hupikwa kila juma na sambaza (dagaa wa ziwani) hukaangwa hata mara nyingi zaidi, ukumbi wa jikoni hauwezi kukosa matone, na matone ya miaka mingi yalikuwa yamekuwa doa moja pana, la rangi ya chungwa pembezoni na kahawia katikati. Mawese yana matatizo mawili ndani yake: shahamu yenyewe, na rangi yake inayotokana na karotini. Tena shahamu hiyo huyeyuka yote kwenye joto la nyuzi 35 hivi, ilhali hali ya hewa ya Bukavu huzunguka nyuzi 20 mwaka mzima, kwa hiyo ndani ya jiwe baridi mafuta hukaa yakiwa yameganda nusu. Mtu anayebandika dawa ya baridi juu ya mafuta yaliyoganda hupata matokeo madogo, kisha hulaumu dawa. Fundi wetu alianza kwa kulipasha jiwe joto taratibu, kwa vitambaa vilivyochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, akivibadilisha mara kwa mara bila kutumia maji yanayochemka, kwa kuwa mshtuko wa joto unaweza kuipasua karo ya zamani.

Baada ya hapo akatengeneza bandiko. Alitumia udongo mweupe wa kaolini, wa aina ileile ambayo wanawake wajawazito huinunua sokoni na kuitafuna, akausaga hadi ukawa unga laini, akauchanganya na bikaboneti ya soda, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mpaka ukawa mzito wa kutosha kusimama bila kutiririka. Aliupaka kwa unene wa karibu sentimita moja, akapita kidogo nje ya mipaka ya doa, akafunika kwa plastiki na kuziba kingo kwa utepe. Bandiko la namna hii huachwa limefunikwa kati ya saa 24 na saa 48, kisha plastiki huondolewa na udongo huachwa ukauke kabisa, na hapo ndipo kazi yenyewe hufanyika: maji yanapopanda kutoka kwenye jiwe kwenda kwenye udongo ili yakauke hewani, huyabeba mafuta pamoja nayo. Anayefunua plastiki na kukwangua udongo ungali mbichi ameiharibu kazi kwenye hatua ya mwisho. Vijana wake walitaka kuukwangua mapema, naye akawakataza kwa upole.

Nilikuwepo alipoinua kipande cha kwanza kwa mwiko wa mbao. Upande wa chini wa udongo ulikuwa wa njano iliyoiva katikati na mweupe pembezoni, ukichora umbo la doa kwa usahihi, na jiwe lililokuwa chini yake lilikuwa limepungua weusi kwa kiasi ambacho kila mtu aliyekuwepo alikiona. Bandiko lilirudiwa, na kwa sehemu ya katikati, iliyokuwa sugu, alibadilisha maji akatumia asetoni, akatuamuru tufungue madirisha yote na kuizima mbabula (jiko la mkaa) iliyokuwa jikoni, kwa sababu mvuke wa asetoni hushika moto upesi. Hakuongeza ada kwa kurudia. Rangi hafifu ya chungwa iliyobaki baada ya shahamu kutoka aliishughulikia kwa hidrojeni peroksidi, na jua la asubuhi linaloingia kupitia dirisha la ukumbi liliendelea kuififisha, kwa kuwa karotini haivumilii mwanga.

Peroksidi hiyo inahitaji maneno machache. Maji ya oksijeni yanayouzwa katika farmasi zetu kwa ajili ya vidonda huandikwa volumu 10, maana yake ni asilimia 3 tu, na kwa doa la chai, kahawa au kasiksi (pombe ya ndizi) lililokaa miaka ni dhaifu. Fundi alinunua ile ya maji ya volumu 40, yaani asilimia 12, kutoka kwa wauza vifaa vya saluni, akaepuka ile ya krimu. Kwa vile peroksidi ya saluni hutiwa asidi kidogo ili isiharibike, aliongeza matone machache ya amonia kabla ya kuichanganya na udongo. Kazi hiyo ifanywe kwa glavu, na kamwe chombo chochote kilichowahi kuwa na javeli (dawa ya klorini ya kupausha nguo) kisikaribie mchanganyiko huo, kwani javeli na amonia kwa pamoja hutoa gesi ya sumu, na javeli na asidi hutoa klorini. Madoa ya chai yaliyokuwa karibu na meza yalitoka yote, tena kwa bandiko moja moja. Nisingependekeza peroksidi hiyo kwenye jiwe jeusi, ambalo linaweza kupauka.

Kuhusu kutu, ahadi yake ya kuniambia ukweli aliitimiza. Mguu wa kile kiti cha chuma ulikuwa umeacha duara la kahawia lililoingia ndani sana, na mtu mmoja wa nyumbani alikuwa amelisugua kwa javeli muda mrefu, jambo lililolizidisha, kwa sababu javeli huongeza oksijeni kwenye chuma. Dawa za kawaida za kutu zina asidi, hivyo zingeunguza marumaru wakati zikitoa kutu. Zipo dawa zisizo na asidi, zinazogeuka zambarau zinapokutana na chuma, lakini hakuwa nazo, wala hakujua angezipata wapi kwa haraka upande wetu wa mto Rusizi. Alijaribu bandiko, duara likapungua rangi kidogo, akaacha hapo na kukataa kupokea malipo ya karo hiyo. Nampa heshima kwa uaminifu wake, ingawa nadhani fundi anayetembelea nyumba zenye samani za chuma miaka yote hii angekuwa ameshaagiza dawa hiyo.

Sehemu zilizoungua, pamoja na ule uharibifu wa mlangoni, zilihitaji mashine. Alitumia pedi za almasi kwa maji, na kwa alama za marakuja alianza na namba 400 akapanda hadi 3000, namba ndogo ikiwa ndiyo inayokwangua zaidi. Mlangoni ilimlazimu kuanza na 120, kwa kuwa asidi ilikuwa imekula sana. Marumaru ni jiwe laini, ugumu wake ni 3 tu katika kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, hivyo pedi hula upesi na mkono usiotulia huacha bonde. Mng'ao ulirudi kwa kiwango nilichokitamani, lakini jioni, mwanga unapolala, naona mteremko mdogo mbele ya mlango wa jiko ambao haukuwepo zamani. Sehemu ya lawama hiyo ni ya wale wa asidi. Sehemu nyingine ni ya kijana aliyeachiwa mashine wakati fundi mkuu alipokuwa sebuleni. Mwenye nyumba anayemwita asimamie hatua hiyo, tena amwombe fundi mwenyewe aishike mashine.

Tope jekundu la mji wetu, ambalo watu wengi huliogopa kuliko kitu kingine, halikumpa shida. Likiwa bado juu ya uso hutoka kwa maji mengi na sabuni isiyo na asidi. Hatari yake iko kwenye mchanga uliomo, kwa sababu chembe za madini ya kwazi (quartz) zina ugumu wa 7 na kila hatua ya kiatu huzisaga juu ya jiwe lenye ugumu wa 3. Zulia gumu mlangoni, na kufagia kabla ya kupitisha rakleti (mpira wa kusukumia maji sakafuni), hulinda marumaru kuliko dawa yoyote ya bei kubwa.

Tulimwonyesha pia baraza, ambayo imetandikwa mawe meusi ya lava yaliyoletwa kutoka Goma. Wengi huamini kwamba jiwe la volkano linastahimili kila kitu, na jaribio la ndimu huonekana kuwaunga mkono kwa kuwa povu halionekani. Hata hivyo lava ya Nyiragongo, volkano iliyo karibu na Goma, ina silika kidogo na ina madini ya nefelini, ambayo asidi kali huyavunja, na vitundu vilivyoachwa na gesi wakati lava ilipopoa hushikilia kila kinachomwagwa ndani yake. Fundi alikataa asidi hapo pia. Alitumia brashi ngumu ya nailoni, bikaboneti na maji ya moto, akasuuza mara nyingi, na mafuta ya brosheti (mishikaki) yaliyokuwa kando ya jiko la nje yalipungua sana, ingawa hayakuisha.

Eneo ambalo sikuridhika nalo kabisa ni dawa ya kuziba vitundu, aliyotaka kuipaka mwishoni. Wazo lenyewe ni sahihi: dawa inayopenya ndani ya jiwe hupunguza kasi ya mafuta kuingia, ikampa mwenye nyumba muda wa kufuta. Lakini aliileta katika chupa ya plastiki isiyo na maandishi, akawa hawezi kusema kama ni ile inayopenya au ile inayotanda juu kama vanishi, na tofauti ni kubwa, maana ile ya kutanda hubadilika kuwa njano, huchubuka mahali pa kupitia, na hufungia unyevu ndani ya jiwe. Zaidi ya hayo aliwaambia watoto wa nyumba kwamba baada ya kuipaka hata ndimu isingedhuru, na hilo si kweli. Dawa huzuia doa, haizuii asidi kula uso wa marumaru. Tulikubali aipake kwenye karo mbili tu nyuma ya mlango, na hadi nitakapoona chombo chenye jina na maelekezo sitakubali zaidi ya hizo.

Ushauri aliouacha kuhusu usafi wa kila siku ulikuwa mzuri na wa gharama ndogo. Javeli aliikataza, siki na ndimu alizikataza, na sabuni za unga zinazokwaruza alizikataza. Hata sabuni ya mche, ambayo nyumba nyingi za Bukavu huitegemea, aliomba iachwe, kwani huungana na kalisi na kuacha utando wa kijivu ambao polepole huficha mng'ao. Kinachofaa ni matone machache ya sabuni ya maji isiyo na asidi katika ndoo ya maji, kisha maji matupu, kisha torsho kavu. Mafuta yakimwagika, yafunikwe kwanza kwa unga wa udongo mweupe au talki badala ya kufutwa, kwa sababu kuyafuta huyatandaza. Tumeyafuata hayo na ukumbi umebaki mweupe licha ya sombe kuendelea kupikwa.

Kuhusu malipo, alitaja bei ya kazi nzima baada ya kuona kila chumba, na bei hiyo haikufika nusu ya ile tuliyotajiwa na kundi lililotaka kuisaga sakafu yote, madoa na yasiyo madoa. Hatoi risiti, na si mtu wa kufika saa aliyoahidi. Umeme ukikatika mashine husimama, naye huondoka kwenda kwenye kazi nyingine bila kuaga, hivyo siku za kusaga zilirefuka kuliko tulivyotarajia. Samani inabidi muzihamishe wenyewe.

Ningeshauri mwenye sakafu ya marumaru au ya mawe ya chokaa yenye mafuta, chai au kahawa amwite bila wasiwasi, na amwite kati ya Juni na Agosti, kwa kuwa katika majira ya mvua bandiko hukauka kwa kusitasita na hulazimika kurudiwa zaidi. Amwombe afanye karo moja kwanza, mahali pasipoonekana, aende nayo hadi mwisho, ndipo wapatane bei ya chumba. Mwenye doa la kutu asubiri mpaka fundi atakapoonyesha dawa isiyo na asidi ikiwa ndani ya chombo chake chenye lebo.